Jina la babu kwenye kengele

Kwetu Michenzani, Unguja, mgeni akija humwandikii anwani. Unamwambia jumba namba fulani, ngazi ya mwisho, akifika amuulizie bibi muuza mandazi. Atapelekwa mpaka mlangoni, na mkoba atabebewa. Barua, kama ipo, inaingia sanduku la posta la kazini kwa baba. Nimekulia hivyo miaka 24. Ndiyo maana nilipofika Leipzig kuanza uanagenzi wa uuguzi sikujua kuwa kitakachonihangaisha kuliko baridi ni kibandiko cha karatasi chenye upana wa vidole viwili.

Ujerumani fleti nyingi hazina namba ya mlango. Bahasha inaandikwa jina, mtaa na namba ya jengo, basi. Mtu wa posta anaingia, anasimama mbele ya safu ya masanduku ya chuma na kusoma majina. Jina lisipoonekana, kwake yeye hukai hapo, na barua inarudi ilikotoka. Wadogo zangu wanaojiandaa kuja huniuliza koti gani wanunue na mchele unapatikana wapi. Mchele upo, hilo lisiwaumize kichwa. Niulizeni kuhusu anwani.

Chumba changu cha kwanza nilikipata nikiwa bado Unguja, kupitia dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa akimaliza masomo. Kilikuwa mashariki ya mji, karibu na Eisenbahnstraße, mtaa wenye maduka mengi ya Waarabu na Waturuki. Kabla yake kuna mtu alinitaka nimtumie amana ya euro 900 kwa chumba ambacho hakuna aliyekiona, eti yeye yuko safarini na funguo atazituma kwa posta. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya hizo pesa. Dada yule akanambia, "Mdogo wangu, pesa haitoki mpaka mtu unayemwamini ameingia ndani ya hicho chumba." Nikaacha.

Sheria inakutaka ujisajili kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti pamoja na karatasi iliyosainiwa na anayekupangisha, kwamba kweli umehamia kwake. Karatasi hiyo ina jina refu, Wohnungsgeberbestätigung, na tangu Novemba 2015 inadaiwa kwa kila anayehama. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Wapo wanaotangaza chumba kwa bei nzuri halafu wanakwambia usijisajili hapo. Mtu huyo mwache. Bila usajili namba ya kodi hupati, kufungua akaunti ya benki kunakuwa shida, na ukienda kuomba kibali cha ukaazi utaulizwa anwani kwanza.

Miadi niliipata siku ya kumi na moja, kazi yenyewe ikachukua dakika kumi. Nikatoka na karatasi yangu ya usajili nikidhani nimemaliza. Kumbe ndipo barua zilipoanza kunitafuta.

Namba ya kodi, Steuer-ID, ina tarakimu 11 na inakuja kwa posta. Hawakutajii kwa simu wala kwa barua pepe. Wiki ya tatu ikapita, ya tano ikapita. Kadi ya bima ya afya kimya, namba ya siri ya benki kimya. Kazini, ofisi ya mishahara inaniuliza kila wiki. Kwa kuwa hawakuwa na namba yangu, walinikata kodi ya daraja la 6, ambalo ndilo lenye makato makubwa kuliko yote. Pesa hiyo ilirudi baadaye namba ilipofika, lakini Novemba ile nilikopa hela ya tiketi ya mwezi, na kukopa ugenini kunauma.

Mwenzangu wa fleti aliposikia akauliza, "Jina lako umeliweka chini?" Sikuwa nimeliweka. Jioni ile nikashuka na kipande cha karatasi na selotepu, nikaandika jina langu, lile ninaloitwa na dunia nzima, nikaomba bima watume kadi upya. Ikarudi tena.

Siku yangu ya mapumziko nikakaa ngazini kumsubiri mtu wa posta. Alikuja mama wa makamo na baiskeli ya njano. Nikamweleza kwa Kijerumani changu cha wakati ule. Akaniomba nimwonyeshe pasipoti, akaisoma, akaweka kidole kwenye jina la ukoo. "Mimi namtafuta huyu," akasema.

Pale pameandikwa jina la babu yangu. Sisi mtu ana jina lake, la baba, la babu. Hakuna anayeniita la babu. Mzee mwenyewe alikuwa mvuvi wa Nungwi, alifariki kabla sijazaliwa, na sina hata picha yake. Sasa yeye ndiye anayetafutwa kila asubuhi kwenye ngazi za Leipzig. Nilipanda juu nikaandika karatasi nyingine kwa herufi kubwa, jina lake peke yake, nikaibandika sandukuni na kwenye kengele. Ndani ya wiki 3 kadi ilifika, namba ya benki ikafika, na ile bahasha ya tarakimu 11 niliyokuwa nimeiomba upya.

Baada ya mwaka nilihamia Grünau, magharibi ya mji. Siku niliyokwenda kuona fleti, niliposhuka kwenye treni ya S1 miguu ilisimama yenyewe. Majumba marefu ya zege, madirisha yamepangana safu kwa safu, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Grünau ilianza kujengwa mwaka 1976, zama za Ujerumani Mashariki, na wataalamu wa nchi hiyohiyo ndio waliosaidia kupanga majumba yetu ya Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964. Nikampigia mama kwa video. Akatazama kitambo, akauliza, "Mbona upo nyumbani?" Wapo watu hapa wanaoyasema vibaya majumba hayo. Mimi nimeyapenda, na kodi yake mshahara wa mwanagenzi unaimudu.

Kodi ya nyumba inatajwa kwa namna mbili, na hapa wageni wengi huteleza. Kaltmiete ni kodi ya nyumba peke yake. Warmmiete inaongeza maji, taka na mara nyingi joto la kupasha nyumba. Umeme na intaneti kwa kawaida unajilipia mwenyewe, na kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Barua yake inakuja yenyewe baada ya kujisajili. Mkiwa fleti moja watu watatu, anatoa mmoja na mnachangiana. Amana kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Mimi nilipata kwa chama cha ushirika wa nyumba, ambako badala ya amana nilinunua hisa, nami nitarudishiwa nikitoka. Rekodi ya madeni wanayoiita Schufa ilikuwa bado haina kitu, basi nikapeleka hati tatu za mshahara na barua ya mwajiri. Wakaridhika.

Fleti ilikuwa tupu kweli. Jikoni hamna jiko, hamna sinki, hamna kabati, bomba tu limetokeza ukutani. Darini nyaya zinaning'inia, taa kila mtu huondoka na zake. Sinki na jiko nilinunua kwa mpangaji aliyekuwa akihama jumba la pili, euro 150, tukavibeba kwa kigari cha kuazima. Kabla sijaweka chochote nilipiga picha kila ukuta na kila mkwaruzo, tukaandika hali ya nyumba kwenye hati ya makabidhiano, tukasaini. Usikubali kupokea funguo bila hati hiyo.

Majira ya baridi ya kwanza pale nilifunga madirisha yote, nikaanika nguo chumbani, hita nikaiweka namba 5. Asubuhi vioo vinatiririka maji. Desemba nikavuta kabati nikaona nyuma yake, kwenye pembe ya ukuta wa nje, vidoa vyeusi vimetapakaa kama ufuta uliomwagika. Ukungu. Niliogopa kuwaambia chama. Aliyenisaidia ni bibi wa ghorofa ya chini, mstaafu, ambaye tulikuwa tumejuana kwa ubaya: Jumapili moja nilikuwa natwanga kitunguu thaumu na tangawizi kwenye kinu, akaja kugonga, kwamba Jumapili ni siku ya utulivu na dari yake inatikisika. Nilimwomba radhi, nikahamishia kutwanga Jumamosi mchana, kinu kikawekwa juu ya taulo, na sahani ya pilau ikashuka kwake. Tangu hapo akawa ananiita binti.

Alipouona ule ukungu hakusema neno. Alizima hita, akafungua dirisha la chumbani na la jikoni, yote wazi kabisa, akatazama saa yake. Dakika tano. Upepo wa Desemba unapita katikati ya nyumba, sisi tumesimama na makoti. Akafunga, akarudisha hita namba 3, ambayo ni kama nyuzi 20. Mara tatu kwa siku, akasema, na kabati lisigusane na ukuta. Vile vidoa nilivisugua kwa spiriti, navyo havijarudi. Hesabu ya joto ya mwisho wa mwaka ilipokuja, nilirudishiwa euro 64.

Kengele za Grünau hazitaki selotepu. Fundi wa jengo anachonga kibao kidogo cha plastiki na kukipachika mwenyewe. Aliponiuliza kiandikwe nini, nilimwandikia jina la babu, naye akanisomea herufi moja moja kuhakikisha. Nilipiga picha nikamtumia baba. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu, na mwanzo hakuweza kusema.

Machi anakuja binti mmoja wa Pemba, atakaa chumba cha mashariki ya mji. Koti atalikuta hapa. Nilichomwomba ni aniandikie jina la mwisho la pasipoti yake, herufi kwa herufi. Zimetimia kumi na mbili. Nimelipima kwenye kibandiko, linaenea.