Siku Nne Mwanza Kabla ya Kuripoti Kazini Uingereza

Likizo ya katikati ya kazi mbili ni tamu, maana ya zamani imeshakuachia na mpya haijakushika. Mitego yake nayo ni mingi. Anayerudi Uingereza kuripoti kazini baada ya sikukuu Mwanza apange siku zake kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Chukua tarehe iliyo kwenye barua ya ajira, toa usiku mbili za kulala kwako kule, toa siku nzima ya safari, halafu ndiyo uhesabu zilizobaki za kukaa na washikaji. Pasaka inatoa siku nne, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Mwaka 2026 Siku ya Karume, 7 Aprili, inaangukia Jumanne inayofuata, kwa hiyo zinakuwa tano. Usizile zote.

Ukishapata idadi, mambo ya maji yatangulie, ya nchi kavu yafuate. Boti huharibika, meli huahirishwa, jua la ziwani huwaunguza waliozoea mawingu ya Leeds, na samaki aliyekaa juani huvuruga tumbo. Likikupata Ijumaa unayo nafasi ya kupona. Likikupata Jumatatu, tiketi unainunua mara ya pili.

Kabla hata ya kuwaita watu, maliza karatasi. Ambaye maombi yake ya kubadilisha mwajiri yamepelekwa akiwa ndani ya Uingereza na bado hayajajibiwa, asisafiri kabisa: ukitoka kabla ya jibu, maombi huhesabika umeyaondoa mwenyewe. Wenye ruhusa tayari waangalie akaunti yao ya uhamiaji mtandaoni, kwa sababu kadi za BRP, zile za kibali cha ukaazi, zimekwisha muda na sasa hali yako inasomwa kupitia namba ya pasipoti. Wengi hutumia likizo kubadilisha pasipoti nyumbani, wakasahau kuingiza namba mpya, kisha wanasimama kaunta ya ndege mfumo hauwaoni. Ingiza namba hiyo siku unayopokea pasipoti. Hapo hapo toa namba ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi. Inaishi siku 90, na mwajiri anatakiwa akague kabla hujaanza kazi, si baada ya wiki ya kwanza.

Sasa ziwa. Ziwa Victoria lina tabia ambayo wenyeji wanaijua bila kuisoma: radi zake nyingi hupiga usiku na alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, unakutana, hewa yenye unyevu inapanda na wingu linajengeka. Mchana mkondo unageuka, na alasiri upepo wa ziwani unainua mawimbi ya kutosha kumlowanisha kila aliyekaa mbele ya boti. Saa nzuri ya matembezi ni kuanzia saa 3 asubuhi, anga likishajionyesha, na kurudi kabla ya saa 10 alasiri. Pasaka iko ndani ya masika, kwa hiyo asubuhi yenye wingu jeusi upande wa ziwa ni asubuhi ya kunywa chai.

Kwa kundi lenye muda mfupi Kisiwa cha Saanane kinatosha. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na boti inatokea upande wa Capri Point, mwendo wa dakika chache. Utaona swala pala, pimbi juu ya mawe, ndege wengi. Njia zake ni za kupanda miamba, kwa hiyo waje na viatu vya kufunga, kandambili ziachwe kwenye gari. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Malipo hupitia kumbukumbu namba, fedha mkononi hazina kazi, na mtandao ukisinzia mnaweza kukaa getini nusu saa. Raia aje na kitambulisho cha NIDA au pasipoti ya Tanzania ili atozwe kiwango cha raia. Waliokwisha kuchukua uraia wa Uingereza wajiandae kulipa cha wageni, na ubishi wa Kisukuma fasaha haubadilishi kitu.

Boya usilipokee kwa heshima tu. Livae ukiwa bado ufukweni, funga vifungo vyote, kisha mwenzako alivute juu kwa kushika mabega. Likifika masikioni ni kubwa kwako, na majini litapanda peke yake likuache chini. Libonyeze: lililonyonya maji huwa zito na sponji yake haijirudishi. Nahodha akisema maboya yapo chini ya viti na mtayachukua "ikihitajika", shukeni. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Ukaribu wa nchi kavu haukuwasaidia.

Ukerewe ni tamu lakini inakula siku. Meli ya kwenda Nansio inachukua zaidi ya saa tatu, na mara nyingi mtalala huko mkisubiri ya kurudi. Kwa siku nne inawezekana endapo mnaondoka Ijumaa na kurudi Jumamosi. Kwa tatu, waachieni wenye likizo ndefu. Ukara, unaotaka kuvuka maji mara ya pili, usiufikirie kabisa katika wikiendi hii. Mwenye hamu ya kutoka nje ya mji bila kulitegemea ziwa atumie Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Walioondoka kabla ya hapo bado wanahesabu foleni ya kivuko vichwani mwao. Hiyo haipo tena, sasa ni dakika chache tu kwa gari.

Kuogelea ndiko kunakoleta ubishi kila mwaka. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, hata kwa mtu aliyesimama dakika chache maji yakiwa magotini. Mabuu yake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye matete na maji tulivu ya pembeni, nao hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Ufukwe safi wa mchanga hauna uhakika, na kujifuta kwa taulo haraka hakutoshi kuitwa kinga. Kama mmeamua kuingia, au mmeshaingia, andika tarehe. Kipimo cha damu ukifika kule kifanywe baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu kikifanywa mapema kinaweza kutoka safi huku vimelea vipo. Dawa ni praziquantel na hupimwa kwa uzito wa mwili. Kuimeza siku ya pili "kwa tahadhari" hakusaidii, kwa kuwa haiui vimelea vichanga.

Tuje kwenye samaki. Choma ya kundi la watu sita iwekwe Jumamosi. Hesabu nusu kilo ya sato mzima kwa kila mtu, yaani kilo 3, kwani kichwa, mifupa na matumbo huondoka na sehemu kubwa ya uzito. Chagua wa gramu 700 hadi 800. Mkubwa kuliko hapo huungua nje akiwa mbichi mfupani. Nenda asubuhi, salimia kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, halafu fungua tamvua: ziwe nyekundu na zenye utelezi safi, zikiwa za kahawia achana naye. Jicho limetuna na kung'aa. Bonyeza mgongo kwa kidole, shimo likibaki samaki huyo ni wa jana. Na usimkasirikie mayu ukimwacha. Yeye anajua na wewe umeonyesha kwamba unajua.

Mwambie akuparie magamba na kutoa matumbo, kisha mchanje mara tatu kila ubavu mpaka mfupa uguse kisu. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu. Dakika 30 zinatosha. Wanaolaza samaki kwenye ndimu usiku kucha wanashangaa kwa nini nyama inavunjika kama uji, asidi imeshaipika. Mkaa uache mpaka uvae majivu meupe. Pasha wavu kwanza, upake mafuta, mkaushe samaki kwa kitambaa ndipo umlaze. Ngozi hunata kwa sababu mbili tu, wavu wa baridi au samaki aliyelowa. Dakika 8 hadi 10 kila upande, na mgeuze mara moja. Kwa ugali wa watu sita, kilo moja na kidogo ya unga inatosha. Kachumbari ikatwe palepale kwa maji safi, isinunuliwe iliyokwisha kukatwa. Kwa wanaokwenda kufanya kazi ya uuguzi, malezi ya wazee au jikoni hili ni zito kuliko linavyosikika: ukiharisha, taratibu za huko zinakutaka ukae nje ya kazi mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Kuanza ajira kwa kuomba ruhusa hakupendezi.

Dagaa wa kubeba wana kalenda yao, na Pasaka ndiyo wiki mbaya kuliko zote. Wavuvi huwavuta kwa taa, kwa hiyo hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi. Pasaka nayo hupangwa kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Matokeo yake, kila Pasaka hukuta boti nyingi za dagaa zimetia nanga, na mvua za masika zinazuia hata wale waliopatikana kukauka vizuri. Ukienda soko la Mwaloni Kirumba Jumamosi Kuu utakuta bei imepanda na mzigo wa zamani umechanganywa. Nunua mapema, wiki ya giza, au mwagize rafiki. Wazuri wanang'aa rangi ya fedha; walioingia manjano mafuta yao yamechacha. Uliza kama walianikwa chanjani au mchangani, kisha usisadiki jibu: sugua dagaa wa kujaa kiganja kimoja juu ya karatasi nyeupe uone kama mchanga unadondoka.

Kilo 2 zinatosha mtu mmoja miezi kadhaa. Vunja vichwa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo kama dakika 10 hadi wavunjike kwa kidole, waache wapoe kabisa. Ukifunga wakiwa na joto mvuke unabaki ndani na ukungu utawafikia kabla yako. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, kifunge ndani ya mfuko mzito, kisha katikati ya nguo usizozipenda. Forodha ya Uingereza inaruhusu samaki mpaka kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe, na wabichi lazima wawe wametolewa matumbo. Nyama na maziwa toka huku hairuhusiwi, kwa hiyo samli ya bibi na biltongi vibaki mezani Mwanza.

Kuhusu fedha, wanaokupenda watadhani wewe ndiye mfuko. Mchango utajwe kabla ya Ijumaa, awekwe mweka hazina asiye wewe, na sehemu moja katika kila kumi iachwe kwa dharura. Lipeni kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi kumepigwa marufuku. Ila kuna hesabu nyingine ambayo washikaji hawataiona. Ukianza kazi baada ya orodha ya mishahara ya mwezi kufungwa, malipo yako ya kwanza yanaweza kusubiri mwezi unaofuata, yaani wiki sita au zaidi bila kitu. Kodi ya nyumba na nauli ya muda huo zitengwe kwenye akaunti ambayo simu yako ya Mwanza haiwezi kuifikia. Na fomu ya P45 ya kazi ya zamani, ile inayoonyesha mshahara na kodi uliyokwisha kukatwa, iwe tayari, vinginevyo unaweza kukatwa kodi ya muda kwa kiwango kisicho chako.

Jumapili nenda Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yako hapo, na ngoma za Bagika na Bagalu zinasikilizwa vizuri na mtu asiye na haraka. Jioni rudini mjini mpite Jiwe la Bismarck. Mwanza jua huzama karibu na saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo fikeni saa 12 na nusu.

Jumatatu ni ya mabegi. Kama ndege ya Mwanza na ile ya kimataifa ziko kwenye tiketi mbili tofauti, kuchelewa kwa ya kwanza ni hasara yako peke yako. Acha angalau nusu siku katikati. Dawa ya malaria usiiache uwanjani: atovaquone-proguanil huendelea siku 7 baada ya kuondoka, doxycycline wiki 4. Kukulia Igogo hakukupi kinga baada ya miaka mitano ya baridi. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hata ikiwa siku ya pili kazini, nenda hospitali siku hiyo hiyo na sentensi ya kwanza iwe kwamba umetoka Ziwa Victoria. Usipoitaja, wanaweza kuanza na mafua.