Moshi wa nyonyo

Jumamosi mama watoto alikuwa anamchoma binti yetu nywele, kampaka mafuta ya nyonyo kwanza, halafu kitana cha moto kikapita na ule moshi mweupe ukaja mpaka sebuleni. Nikaweka chai chini nikasimama. Baba vipi? Hamna kitu mama. Kumbe mwenzao nishafika Muncie, Indiana, mwezi wa 8 mwaka 2009, nimeshika sindano ya kabureta, ile skrubu ya kuongeza na kupunguza mafuta ya injini.

Mwenye nyumba wangu huko alikuwa mzee mmoja. Muncie ndiko makao makuu ya chama cha warusha ndege za modeli Marekani, kwa hiyo mzee kuwa na kindege gereji wala hakumshangazi mtu. Chake kilikuwa cha kujifunzia, bawa liko juu, injini cc 7.5, na haina plagi ya cheche kama ya bodaboda, plagi yake ina kijiwaya cha platinamu unakipasha na betri ya volti 1.5, ikishawaka unachomoa betri na kijiwaya kinabaki chekundu chenyewe kwa sababu ya methanoli. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani kidogo, na nyonyo ya kulainishia. Nyonyo hii hii ya bibi!

Siku hiyo akaniachia sindano. Akanisukuma kwa bega nikae nyuma ya propela, nisikae mbele wala ubavuni. Resi yote. Injini ikawa inaguna, moshi mzito, bawa linatapakaa mafuta, maana yake inakunywa mno. Nikafunga kliki moja. Nyingine. Mguno ukaanza kukatika katika kama mtu anayetaka kupiga chafya, nikafunga tena moja, ghafla ukafunguka ukawa mlio mmoja mrefu, mkali, moshi ukabaki uzi tu. Raha niliisikia mpaka kwenye meno. Mzee akaonyesha vidole vitatu, akazungusha mkono kinyume: rudisha tatu. Akageuka kuchukua rimoti.

Nikarudisha moja.

Ule mlio nilikuwa nimeutafuta mwenyewe bwana, kuuharibu roho iligoma. Akauliza kama nimekiinua pua juu kupima, kwamba ikizidisha mlio kidogo iko sawa, ikilegea umebana mno. Nikasema ndiyo.

Kikaruka vizuri tu. Akakipandisha, na pua ikishatazama juu tangi linabaki chini ya injini, mafuta yanapanda kwa shida, propela nayo imekuwa nyepesi hewani, so kilichokuwa kimebana kidogo ardhini huko juu kinabana kwelikweli. Mlio ukapanda, ukapanda, pap. Tukawa tunasikia mahindi ya jirani yanavyochakarika na upepo. Kindege kikaelea kikashuka humo humo kwenye mahindi, tukakitafuta kama saa nzima, mahindi yenyewe yamenipita urefu.

Bawa lilichanika kidogo. Akaniuliza tena, ulipima? Nikasema nilipima. Akasema basi itakuwa plagi, akaifungua plagi nzima kabisa, ya pesa yake, akaitupa akafunga mpya.

Wiki iliyofuata tukarudi na bawa limebandikwa gundi. Kabla hajawasha akainama, akairudisha ile sindano kliki mbili, hakuniangalia. Mbili kamili. Alijuaje sijui, na mimi sikuuliza.