Filta ya laki tatu na nusu, kumbe sio ya maji yetu

Mwenzenu nilihamia Usa River, huku Arusha, nikitokea Dar na akili yote ya Dar nikaja nayo. Kule Tabata maji tuliyokuwa tunayaogopa ni ya kisima yenye chumvi, au yale ya bomba yanayotoka na tope mgao ukiisha, kwa hiyo kichwani kwangu maji mazuri ni yanayong'aa na hayana chumvi basi. Siku ya kwanza nafungua koki huku, maji ya mserereko kutoka Mlima Meru, meupe pee, ya baridi kama yametoka kwenye friji. Nikasema hapa tumefika.

Ila si unajua mtu wa Dar, lazima achuje. Nikaenda mjini dukani, kijana akanionyesha mashine ya ukutani, chupa tatu na taa ya UV, akaniambia "dada hii inaua kila kitu". Laki tatu na nusu nikatoa. Na kweli inaua, sibishi, tatizo ni kwamba kilichomo kwenye maji yetu hakijawahi kuwa hai.

Nilikuja kushtuka kwenye bethidei ya mtoto wa jirani. Watoto wanacheka pale kwenye keki, nikaona karibu wote wenye umri wa darasa la tatu la nne meno yana madoa ya kahawia, mengine yamekuwa kama yametafunwatafunwa. Nikamnong'oneza mama mwenye nyumba, nikidhani labda hawapigi mswaki, akanicheka. "Mama hayo ni maji ya huku, hata usugue na mchanga hayatoki." Wangu ana miaka minne. Usiku huo sikulala vizuri.

Ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, maji yanapita humo yanaibeba, huioni, huisikii kwenye ulimi, haina harufu. Na ubaya wake jino la ukubwani linaharibika likiwa bado ndani ya fizi, kwa hiyo ukisubiri uone doa ndio uchukue hatua umeshachelewa miaka. Ukinywa nyingi kwa muda mrefu inaingia hadi kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi Tanzania kwa miaka mingi tulikuwa tunaruhusu hadi 4, baadaye ndio ikashushwa ikawa 1.5 na sisi. Nikapeleka maji yangu maabara kwenye chupa, moja ya kokini na nyingine yaliyopita kwenye ile mashine ya kijana. Ya koki 3.6. Ya mashine 3.5.

Yaani laki tatu na nusu imeniondolea nukta moja, na hiyo nukta yenyewe labda ni kipimo tu kimetikisika.

Ndio nikaanza kusoma kama nina mtihani. Taa ya UV inamaliza vijidudu, na maji lazima yawe maangavu la sivyo vinajificha nyuma ya tope. Mkaa ule wa kawaida unaondoa harufu na klorini. Ile ya ndoo mbili yenye mawe meupe kama mishumaa inazuia uchafu na bakteria, nzuri sana kwa mtu wa kisima kifupi. WaterGuard ni ya vijidudu pia. Kuchemsha ndio usiseme, mvuke unaondoka floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo ukichemsha sana unaiongezea makali. Hakuna hata moja hapo ya kwangu mimi.

Za kwangu zilikuwa mbili. Kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kimeushughulikia miaka na miaka, unachomwa kwa ustadi halafu unanasa floraidi vizuri tu. Shida yake unachoka na ukichoka haukwambii, maji yanatoka vilevile, mpaka upime tena. Nikaogopa uvivu wangu. Nikaangukia RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba hadi chumvichumvi karibu zote zinabaki nyuma. (Hata yule Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha aliyeshinda tuzo ya Africa Prize 2015 kwa filta yake, hoja yake ilikuwa hiyohiyo, filta itengenezwe kulingana na maji ya mahali. Laiti ningemsikiliza mapema.)

RO nayo ina vituko vyake msidanganyike. Inataka presha, kwangu ikabidi iwekwe na pampu, umeme ukikatika tunategemea madumu tuliyojaza jana. Na inamwaga maji, lita moja ya kunywa inatupa kama mbili tatu hivi, hayo nimeyavutia mpira kwenye ndoo tunadekia na kuflashi choo, ila kupikia marufuku maana floraidi karibu yote imehamia huko. Yale ya kunywa nilirudisha maabara, 0.3. Masika nakinga ya mvua kwenye simtanki, mvua karibu haina floraidi, mashine inapumzika.

Sasa mtihani uliobaki ni mama mkwe. Yeye mzaliwa wa huku, maji ya RO anasema hayana ladha, kama yamechoka. Halafu makande yake lazima magadi, na magadi nayo yamejaa floraidi, nimejaribu kumweleza kwa adabu zote, akaniangalia akatabasamu na meno yake ya kahawia, akasema, "Mwanangu, nina miaka sabini na moja na natafuna mahindi ya kuchoma." Tumekubaliana mjukuu anywe ya mashine. Yeye akija anakuja na dumu lake.