Chumba cha Columbus

Wiki ile nilikuwa nimepata chumba Columbus, Ohio, baada ya kuzungushwa mwezi mzima. Mwenye nyumba aliniuliza asili yangu, nami, kama binamu yangu wa Dubai alivyonielekeza kwa simu, nikajibu, "Mwarabu wa Unguja." Si uongo mtupu, bibi mzaa baba ni Mmanga. Lakini mama yangu, Mnyamwezi wa Tabora, siku ile nilimsukumia uvunguni.

Jumamosi Mzee alinipakia kwenye gari lake tukaenda Oberlin, mji mdogo wa chuo, Ohio hiyohiyo. Ni Mmarekani mweusi, mkalimani mwenzangu wa mahakamani, amebakisha kidogo kustaafu. Nilimwita Mzee mpaka akazoea. Njiani nikamsimulia habari za chumba, nikicheka. Yeye hakucheka. Alisimamisha gari East College Street, mbele ya nyumba ya mbao ya ghorofa moja, theluji imegeuka matope hadi kwenye ngazi.

"Hapa aliishi John Mercer Langston," akasema, wala hakuzima injini.

Kazaliwa Virginia mwaka 1829. Baba mzungu, mwenye shamba; mama, Lucy, alikuwa mtumwa wake kabla ya kuachwa huru. Wote wawili walikufa 1834, mtoto akaletwa Ohio. Kamaliza masomo Oberlin, kataka uwakili, vyuo vya sheria vikamfungia mlango. Mwenye chuo mmoja wa New York alimwonea huruma: jiite Mfaransa, au Mhispania kutoka Amerika ya Kusini, nitakupokea.

"Akasemaje?" nikauliza, ingawa nilishaona tunakoelekea.

"Alikataa. Akaenda kusomea kwa wakili mmoja wa Elyria, hapo jirani."

Kisha ikaja ile sehemu Mzee anayoipenda. Mwaka 1854 Langston amefaulu, lakini sheria za Ohio hazimtambui wakili mweusi. Wakubwa wakapima damu yake, wakaona ya kizungu imezidi nusu, basi wakamwapisha kama mzungu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akapangusa kioo kwa mkono wa koti. "Alikataa kujigeuza, wakamgeuza wao!"

Yaliyofuata aliyataja haraka haraka: akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Howard, chuo kikuu cha weusi kule Washington, kisha 1877 Rais Hayes akampeleka Haiti, akakaa Port-au-Prince miaka minane kama waziri mkazi, maana siku hizo Marekani haikuwa na mabalozi wa cheo kamili. Baadaye akaingia Bungeni kutoka Virginia ileile. Mimi nilikuwa nasikia nusunusu tu. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni kwa yule bwana wa New York.

Mzee aliwasha redio, tukarudi. Hakunisema hata neno moja.

Chumba nilikaa nacho miezi minane. Kila nikipeleka kodi, mwenye nyumba alinisalimia "Salaam aleikum" kwa lafudhi yake ya Ohio, nami nikaitikia.