Afande aliuliza mpigaji yuko wapi

Ilikuwa 2022, vita ya Ukraine ndo imeanza anza, na pale kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye kahawa na kashata habari za mpira zikawekwa pembeni kabisa, kila mtu ana klipu ya kifaru kinawaka moto. Mimi nilikuwa nafuatilia sana haya makombora ya kuongozwa ya kupigia vifaru basi wakaniachia niongee.

Nikawapa Javelin ya Marekani. Kwamba haikipigi kifaru ubavuni, inapanda juu kama mita 150 hivi halafu inashuka kwenye paa ambako deraya ni nyembamba, na ina vilipuzi viwili, cha kwanza kinaondoa yale matofali ya kujikinga yaliyobandikwa nje, cha pili ndo kinatoboa chuma chenyewe. Vijana wakashangilia.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, sote tunamwita Afande. Akasubiri kelele ziishe, akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo mpigaji akishafyatua anakuwa wapi?"

Nikamwambia anaondoka zake Afande, kombora lina jicho la joto, linashika sura ya kifaru kabla halijatoka, likitoka linajitafutia lenyewe. Tena linasukumwa kwanza na mota ndogo, ile kubwa inawaka likiwa mbali na yeye, kwahiyo hata ndani ya nyumba anaweza kufyatua.

Mzee akanyamaza kidogo, halafu akaanza kutusimulia Malyutka ya Wasovieti ya miaka ya 60, aliifundishwa kozini nje ya nchi. Ile unaiendesha kwa kijiti mkono wako mwenyewe, amri zinapita kwenye waya unaojifungua nyuma ya kombora, jicho moja kwa moja liko kwenye kombora na kwenye kifaru hapohapo, na kufika kilomita 3 inachukua kama sekunde 25, sekunde 25 hukohoi wala huinamishi kichwa! Wamisri waliitumia 1973 walipovuka Suez na Waisraeli vifaru vyao vikaungua vingi, ila wakajifunza haraka, wakiona moshi wa kombora wanamimina risasi kule wanakohisi mpigaji amejibanza. Akasema kebo ya kile kijiti ilimruhusu mpigaji kukaa kama mita 15 tu kutoka pale kombora linapofyatuliwa. "Mita 15," akarudia, anatutazama mmoja mmoja.

Yani kwa swali lake lile historia yote ikanikalia sawa. Makombora ya TOW na Milan ya miaka ya 70 yalipunguza kazi, unashikilia alama ya kulengea juu ya kifaru tu, mtambo unasahihisha njia, lakini bado umegandishwa palepale, na Kornet ya Urusi inayofuata mwanga wa leza ni hivyohivyo. Javelin ilipoingia jeshini 1996 ndo askari wa miguu wa Marekani akapata ruhusa ya kukimbia, na kwangu hilo ni kubwa kuliko unene wa chuma inachotoboa.

Nikamtajia na Spike ya Israel, kuna aina yake inatoka na uzi mwembamba wa kioo unaomrudishia mpigaji picha, akitaka anabadilisha shabaha likiwa angani.

"Nikiona pale pana mama na watoto?"

"Unaligeuza Afande, unalipeleka pembeni."

"Basi mimi nipe hiyo," akasema, "hata kama itabidi nikae palepale."

Vijana wakaanza kumbishia upya, mpaka adhana ya Isha.