Ndege Nisiyempima

"Baba, wa kwako alikuwa na ndevu inchi ngapi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo Jumatatu iliyopita, hata mkoba wa shule hajautua. Wikiendi ilikuwa ya vijana, ile ambayo jimbo letu la Missouri, hapa Marekani, huwapa watoto nafasi ya kuwinda bata mzinga mwitu kabla msimu wa watu wazima haujafunguliwa katikati ya Aprili, na wenzake walirudi shuleni na picha kwenye simu. Ndege kalazwa juu ya boneti ya gari, mkia umetandazwa, na futi ya kupimia imenyooshwa kifuani, penye kile kishungi cha nywele ngumu ambacho wawindaji hukiita ndevu. Nikamwambia sikupima. Akanitazama, kisha akaenda zake jikoni. Nadhani aliona namficha.

Tangu hapo akili yangu iko chini ya ule mwaloni nilikompigia ndege wangu wa kwanza.

Aliyenipeleka kuwinda ni Mzee, jirani yetu mwenye mbuzi na trekta bovu. Darasa la usalama wa uwindaji nilikuwa nimeshalimaliza, leseni ninayo mfukoni, na bado alinisimamisha sebuleni kwake akanikagua nguo moja baada ya nyingine. Soksi nyekundu, akakataa. Kofia ya buluu, akakataa. Nyekundu, nyeupe na buluu ndizo rangi za kichwa cha dume wakati wa kupandana, akaniambia, na porini kuna watu wengine wenye bunduki wanaozitafuta rangi hizohizo.

Tuliingia msituni kungali giza. Tulipofika ukingo wa bonde Mzee akaziba mdomo kwa viganja, akalia mlio wa bundi. Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huamka wakamfukuza, kwa hiyo mwili ulinisisimka. Kabla sijatulia, dume akajibu kutoka juu ya miti ya bondeni. Mlio mzito, wa kukatikakatika, ukaenda ukagonga kilima cha pili ukarudi. Ndiyo tabia yao. Usiku hulala mitini, na alfajiri dume akisikia sauti yoyote kali, iwe ya bundi, ya kunguru au ya mlango wa gari, hawezi kujizuia kujibu.

Tukakaa tumeegemea mwaloni, Mzee kushoto kwangu, bunduki ya marisau juu ya goti langu. Akatoa kisanduku chake cha mbao, akapaka chaki kidogo kwenye mfuniko, akausugua taratibu ukingoni. Ikatoka sauti ya jike. Mara tatu nne, basi, akakiweka chini. Alikwisha nieleza kwamba kwa desturi yao jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo sisi tunamwomba dume afanye kinyume cha maumbile yake, na ukimwita kupita kiasi atasimama palepale akingoja jike aje.

Wakashuka mitini. Tulisikia mabawa yakipiga matawi, mazito, halafu kimya.

Halafu nikaanza kusikia kitu ambacho mpaka leo napata taabu kukieleza. Ulikuwa mvumo wa chini sana, kama lori limewashwa injini barabara ya mbali, lakini niliupata kifuani kabla ya masikioni. Nikadhani ni mapigo ya moyo wangu. Mzee akanigusa kiwiko kwa kidole kimoja, akaelekeza macho. Ng'ambo ya ua wa seng'enge, kwenye kiwanja cha majani, alikuwa amesimama dume amejifutua, mkia wima umefunguka wote, mabawa yanaburuta ardhi. Jua lilikuwa linampata ubavuni na manyoya niliyodhani ni meusi yakawa ya shaba, kisha ya kijani, kisha shaba tena kila alipogeuka. Kichwa kilikuwa cheupe juu, buluu mashavuni, na shingo nyekundu ilivimba ikasinyaa kila alipovuta pumzi. Ndevu zilimfika karibu na magoti. Alikwenda hatua mbili, akasimama, akavuma. Akageuka, akavuma. Nikawa sipumui. Chungu alikuwa anapanda shingoni kwangu na nikamwacha apande.

Hakuvuka ua. Alikuwa mbali, na upande ule ni shamba la mtu mwingine.

Ndipo kulia kwangu majani makavu yakalia. Vijana watatu, madume ya mwaka jana, walikuja shoti kwa udadisi wao. Wa mbele alijaribu kufungua mkia na nikaona alama niliyofundishwa: manyoya ya katikati yamerefuka kuliko ya pembeni, maana bado hajakomaa. Ndevu zake zilikuwa kishungi cha kidole. Mzee hakusema neno wala hakunigusa. Kisheria kijana naye anaruhusiwa kupigwa. Nikataja jina la Mungu kimoyomoyo, nikafyatua.

Nilikimbia na kisu mkononi. Ndege alikuwa bado anapiga mabawa, Mzee akamkanyaga mguu ili asiruke, akaona ninavyogeuka kutafuta upande wa kibla, akaelewa bila kuuliza. Akavua kofia yake akasubiri mpaka nimalize kuchinja. Damu ilikuwa moto kwenye vidole na asubuhi ile ilikuwa baridi kali.

Mengine yalipita haraka. Tukaarifu kwa simu kama sheria inavyotaka, tukanyonyoa. Kwenye duka la vyakula vya mifugo, Mzee aliponitambulisha kwamba nimepata wangu wa kwanza, swali la kwanza la waliokuwepo lilikuwa ndevu inchi ngapi, la pili urefu wa miba ya miguuni, kama ile ya jogoo. Niliposema ni kijana, mmoja akanipa pole. Alinipa pole kwa moyo mweupe kabisa. Jioni nikampigia mama simu Pangani. Yeye aliuliza: "Ulimwahi kwa kisu?" Nikamwambia nilimwahi. "Basi kuleni, baba."

Kupima si dhambi. Shirika la kitaifa la bata mzinga lina hesabu yake inayojulikana: uzito kwa paundi, ongeza urefu wa ndevu mara 2, ongeza urefu wa miba yote miwili mara 10. Lakini hesabu hiyo inapima umri wa ndege na chakula alichokula. Haigusi kitu hata kimoja nilichokiona mimi asubuhi ile. Mvumo ule hauna inchi.

Na kuusikia tu si jambo dogo. Miti ya Ozarks, vilima vya kusini mwa jimbo, ilikatwa, ndege wakapigwa bila mpaka, hata katikati ya karne iliyopita Missouri nzima ikabaki na maelfu machache. Idara ya uhifadhi ikawa inawatega waliobaki kwa nyavu za kurushwa kwa baruti na kuwahamishia mabonde yaliyokuwa matupu, na uwindaji ukafunguliwa tena 1960. Mzee anasema babake alilima kilima kilekile maisha yake yote ya ujana bila kusikia dume akilia. Baadaye, tangu miaka ya 2000, idadi yao ikashuka tena. Mtu akiniambia alikwenda asubuhi nzima akasikia mmoja tu wa mbali akarudi mikono mitupu, mimi namhesabia kapata.

Yule kijana tulimla kwa wali wa nazi, pamoja na familia mbili za Kikongo za mtaani kwetu. Nyama ya wakubwa ni ngumu; ya huyu ilichambuka.

Lakini kuna jambo ambalo sijalimaliza. Tukiwa garini Mzee aliniuliza, yule mkubwa angevuka ua, ningempiga nani? Nikamjibu bila kufikiri: yeye, yule mkubwa. Mzee akaendesha kidogo, akasema, "Hata mimi."

Wiki ya kwanza ya msimu sheria ilikuruhusu ndege mmoja tu, kwa hiyo kesho yake nilirudi pale mwaloni bila bunduki, Mzee akabeba yake. Dume alilia alfajiri, akalia tena jua lilipopanda, kisha majike wakampitia wakaondoka naye. Tulikaa hata hivyo mpaka saa saba mchana, muda wa kisheria ulipokwisha, Mzee akinifundisha kusugua kisanduku, na nikamwomba tuje tena Jumamosi.