Kodi mbaya ya programu tunaivumilia, ila inayonyamaza ndo inatumaliza

Sisi tunaoandika programu hapa Tanga si wengi kivile, kwaiyo tunajuana, na kila mtu anajua mwenzake karithi mfumo gani na kaurithi kwa nani. Jioni tukitoka makazini kuna kijiwe Ngamiani, kahawa na kashata, wazee pembeni wanacheza bao wanadhani sisi tunabishana siasa maana kelele ni zilezile, kumbe jamaa anasimulia faili la kodi, yani maandishi ya programu, alilofungua leo, mistari zaidi ya elfu nane, fankisheni (kipande cha kufanya kazi moja) ni moja tu, imeanzia juu imeishia chini, masharti ya if ndani ya if ndani ya if mpaka maandishi yametokea nje ya kioo upande wa kulia.

Vile vichekesho vya kila siku havichoshi. Majina ya vitu ndani ya kodi ndo usiseme: data, data2, data_mpya, data_mpya_kweli, na ukifuatilia unakuta inayotumika ni data2. Kuna mfumo wa stoo mtu kaita jedwali zima "shemeji", hakuna anayejua kwanini na hakuna anayethubutu kubadilisha. Kwingine mtu kaacha ujumbe juu ya kodi yake, "ntarekebisha Ramadhani ikiisha", hajasema Ramadhani ya mwaka gani. Haya tunacheka yanaisha, kodi chafu ukiikalia mwishowe unaielewa.

Mi ninayoichukia ni ile inayokosea alafu inakaa kimya.

Chukua hii ya duka moja la vifaa vya ujenzi, silitaji. Mfumo unatunza wateja wanaokopa saruji na mabati, na kila mwisho wa mwezi unawatumia SMS za madeni. Aliyeutengeneza aliona namba ya simu ni namba, akaiwekea aina ya INT, yani namba kamili, kwenye databesi ya MySQL, programu inayotunza taarifa. Sifuri ya mwanzo ikaruka palepale, 0713 ikawa 713, wakaishi hivohivo. Akaja wa pili akasema tuongeze 255, namba ya nchi, mbele ili SMS zifike vizuri, wazo zuri tu, isipokuwa INT mwisho wake ni 2,147,483,647 na namba yetu ikiwa na 255 ina tarakimu 12. Sasa MySQL za zamani, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, zilivyokuwa zimesetiwa ukizipa namba iliyozidi hazikatai, zinaweka ile kubwa kuliko zote zinazoiweza, zinatoa kaonyo kadogo ambako hakuna anayekasoma, maisha yanaendelea. Kwaiyo wateja wote wa duka wakawa na namba moja, 2147483647! Fundi wa Makorora, mama wa Chumbageni, kontrakta wa Muheza, wote. Na mfumo kila mwezi unaandika "SMS imetumwa", mwenye duka anasoma imetumwa, deni halilipwi, akawa anatuambia watu wa Tanga siku hizi hawana haya, na karani alishagombezwa vya kutosha. Dada mmoja kijiweni kwetu, ndo mkali wetu wa databesi, alipoambiwa tu wateja wote wana namba inayoanzia 214 aliweka kikombe chini akacheka mpaka wazee wa bao wakageuka.

PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nayo ina yake. Kabla ya toleo la 8 lililotoka 2020, ukiiuliza kama neno "imelipwa" ni sawa na 0 inakujibu ndio. Haitanii, inaona neno halianzi na tarakimu, inalihesabu sifuri. Jamaa yangu mmoja alikuta kwenye mfumo wa ada hali ya malipo kuna sehemu imeandikwa 0 kwa asiyelipa na 1 kwa aliyelipa, kuna sehemu imeandikwa "imelipwa", maana walioutengeneza ni wawili na hawakuwahi kukaa meza moja. Mzazi kalipa, risiti anayo mkononi, kwenye orodha ya wadaiwa jina lake limo. Wakahamia PHP 8 tatizo likapona lenyewe, ila ripoti nyingine iliyokuwa inategemea uongo uleule ikaanza kutoa majibu ya ajabu, na mpaka leo kuna mtu pale anasema PHP 8 ni mbovu.

Ila namba moja kwangu ni ya saa. Mfumo wa tiketi za basi, gari ya asubuhi inaondoka Kange saa 12, karani kaingiza 12:00, tiketi inatoka 12:00, na hamna abiria wa Tanga atakayekuja adhuhuri. Mpaka hapo hakuna shida. Akaja mtu akaweka SMS ya kukumbusha masaa mawili kabla ya safari, na kompyuta kwake 12:00 ni saa sita mchana, basi ujumbe ukawa unatoka saa nne asubuhi, "jiandae na safari yako", abiria yuko Chalinze anakula mahindi. Wakamwita developa mwingine arekebishe. Huyu akagundua tofauti ni masaa sita, akatoa sita kwenye safari zote, akajaribu ya asubuhi ikakaa sawa akaenda zake nyumbani. Ya saa 8 mchana je? 8 ukitoa 6 inabaki 2, yani saa nane usiku wa manane. Saa sita usiku simu zikaanza kulia watu wamelala, gari yako inaondoka baada ya masaa mawili. Kuna bibi alipiga namba iliyo kwenye tiketi akauliza kwa upole kabisa, "mjukuu wangu, hiyo gari inakwenda Dar au kuzimu?"

Na msituone wa Tanga tu ndo tuna mambo haya. NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1999 walipoteza chombo chao cha kwenda Mars, Mars Climate Orbiter, kwasababu programu moja ilikuwa inatoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya paundi na nyingine inazisoma kama nyutoni, tofauti zaidi ya mara nne, na hamna programu iliyostuka. Wao hawakuwa na bibi wa kuwapigia simu.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, ile aliyoanzisha Linus Torvalds 2005, ina amri inaitwa blame, ukiipiga inakuonyesha kila mstari kauandika nani na lini. Kijiweni tunaipenda kuliko umbea wa mtaa. Ila tukishacheka mara nyingi unakuta mstari wenyewe uliandikwa na mwanafunzi wa fildi, kalipwa nauli tu, bosi kasimama nyuma yake anasema kesho mgeni anakuja kuona mfumo, umeme umekatika na kurudi. Huyo simlaumu kuandika vibaya. Nnamlaumu kitu kimoja, ile catch tupu. Programu imepata kosa, imelidaka, na ndani ya mabano hamna kitu, hata kuandika pembeni kwamba kuna jambo limetokea. Ni sawa na mpishi anayezima king'ora cha moto ili apike kwa raha.

Sasa mwezi huu mi na mwenzangu tumepewa mfumo wa namna hiyo, catch tupu kila kona, na jambo la kwanza tulilofanya ni kuzijaza zote, kila kosa liandikwe na saa yake na mahali lilipotokea. Hatujagusa kitu kingine chochote. Kufika mchana faili la makosa limefura, malipo yanayofeli, risiti zinazotoka mara mbili, vitu ambavyo kwa vyovyote vina miaka humo. Tukampelekea bosi kwa furaha kabisa. Kasoma kurasa mbili, kavua miwani.

"Vijana, huu mfumo ulikuwa hauna tatizo hata moja. Mmeufanya nini?"

Mwenzangu kanitazama mi nikatazama dirishani. Jumatatu tuna kikao, na kwenye ajenda imeandikwa kurudisha toleo la zamani.